Dobi wa Washington na kwotabeki mweusi

George Preston Marshall alitajirika kwa kufua nguo za watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 maduka yake ya dobi yalikuwa yametapakaa katika mitaa ya jiji la Washington, na fedha ya sabuni na maji ya moto ndiyo iliyomnunulia timu. Mwaka 1932 yeye na wenzake watatu walianzisha timu ya futiboli mjini Boston. Msimu wa kwanza ulikula dola 46,000. Wenzake wakakata tamaa, wakajitoa, Marshall akabaki peke yake. Mwaka 1937 aliihamishia timu hiyo Washington, akaiundia bendi, akaipa wimbo ambao maneno yake yaliandikwa na mke wake, Corinne Griffith, aliyekuwa nyota wa filamu za kimya, na siku ya mechi akaigeuza sherehe ya familia nzima.

Namtanguliza yeye kwa sababu habari ninayotaka kuisimulia ilipitia mikononi mwake, na mwisho wake mkubwa ulitokea katika timu yake mwenyewe, alipokuwa amekwisha kulala kaburini. Ni habari ya wamiliki wa timu za NFL na uamuzi mmoja ambao katika mchezo ule unaupita mwingine wowote: nani awe kwotabeki.

Msomaji aliyezoea kandanda anivumilie kidogo. Katika futiboli ya Kimarekani timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Kila jaribio huanza kwa mchezaji wa katikati kuinama na kuupitisha mpira kati ya miguu yake kwenda kwa mtu aliyesimama nyuma. Huyo ndiye kwotabeki. Ndiye anayewapa wenzake kumi mpango wa jaribio linalofuata wakiwa wamekusanyika duara. Ndiye anayewasoma wapinzani walivyojipanga, na akiona mtego anaubadilisha mpango palepale kwa sauti kubwa. Mpira ukishamfikia ana sekunde mbili tatu tu za kuamua amtupie nani, huku majitu ya kilo mia na ushei yakimjia kumwangusha. Timu ikishinda, picha yake ndiyo inayotoka gazetini. Ikishindwa, lawama ni zake. Kwa hiyo kuuliza nani awe kwotabeki ni kuuliza nani aamrishe na nani atii, na Marekani ya wakati huo ilikuwa na jibu lake tayari.

Ligi yenyewe ilizaliwa ndani ya duka la magari. Tarehe 17 Septemba 1920, mjini Canton katika jimbo la Ohio, wenye timu walikutana kwa Ralph Hay, aliyekuwa akiuza magari aina ya Hupmobile. Viti havikutosha, wengine wakakaa kwenye vikanyagio vya magari. Wakamchagua Jim Thorpe, mwanariadha mashuhuri mwenye asili ya wenyeji wa Marekani, awe rais wao, na wakapanga ada ya dola 100 kwa kila timu. Miongoni mwao alikuwemo kijana George Halas wa timu ya Decatur, ile ambayo baadaye ilikuja kuwa Chicago Bears. Mwaka 1922 ligi ikachukua jina la NFL.

Wengi hudhani kwamba mtu mweusi aliukuta mlango umefungwa tangu siku ya kwanza. Sivyo. Bingwa wa msimu wa kwanza alikuwa Akron, na nyota wa Akron alikuwa Fritz Pollard, mtu mweusi mwenye umbo dogo na mbio za kuponyoka. Mwaka 1921 alikuwa pia kocha wa timu hiyo, na mwaka 1923, akiwa Hammond, alicheza hata ukwotabeki. Maisha yake uwanjani yalikuwa magumu. Watazamaji walimtukana na kumrushia mawe, na wapinzani walimrukia akiwa ameshaanguka. Pollard akajizoeza kujibiringisha chali kila alipoangushwa na kuinua juu viatu vyake vyenye njumu, ili anayekuja kumrukia ajue atakutana na nini. Katika miaka 14 ya mwanzo wachezaji weusi wapatao 13 walipita katika ligi hiyo. Si wengi, lakini walikuwepo, na kila aliyenunua tiketi aliwaona.

Kisha ukaja mwaka 1933. Msimu uliotangulia bingwa alikuwa amepatikana kwa mechi iliyochezewa ndani ya ukumbi wa Chicago kwa sababu ya theluji, katika uwanja wenye urefu wa yadi 80 tu, na pasi iliyoamua mechi hiyo ilizusha ubishi. Kanuni ya wakati huo ilimtaka mtupaji awe angalau yadi tano nyuma ya mstari ambapo jaribio huanzia. Marshall, kwa msaada wa Halas, aliwashawishi wamiliki wenzake waifute. Kuanzia hapo mpira ungeweza kutupwa kutoka popote nyuma ya mstari. Akapendekeza pia ligi igawanywe makundi mawili na mabingwa wa makundi wakutane katika fainali. Haki yake apewe: dobi yule aliona mapema kwamba watu watalipa kuuona mpira ukiruka. Kwotabeki wa leo, anayelipwa mamilioni kwa ajili ya mkono wake, anadaiwa na Marshall. Alipofika Washington alimchukua kijana kutoka Texas, Sammy Baugh, ambaye katika msimu wake wa kwanza aliwapa ubingwa wa mwaka 1937 kwa kuwafunga Chicago Bears 28 kwa 21.

Mwaka huohuo wa 1933 ndio ulikuwa wa mwisho kwa Joe Lillard wa Chicago Cardinals na Ray Kemp wa Pittsburgh. Hawakurudi tena, na hakuna mweusi mwingine aliyeitwa. Misimu 12 ikapita. Hakuna karatasi iliyowahi kupatikana yenye saini za makubaliano, na wamiliki, Halas akiwemo, walikana mpaka kufa kwamba walikubaliana jambo kama hilo. Lakini watu wasiopatana hata juu ya bei ya tiketi hawawezi wote kwa pamoja, kwa miaka 12, kukosa kumwona mweusi hata mmoja anayeweza kucheza. Wanahistoria wengi wanamtaja Marshall kuwa ndiye aliyesukuma kufuli hilo. Mimi naona pia kwamba wenzake hawakuhitaji kusukumwa sana. Nchi ilikuwa katika mdororo wa uchumi, kazi zilikuwa adimu, na kumnyima mweusi mshahara kulikuwa jambo lisilomgharimu mmiliki chochote.

Kufuli lilifunguliwa na fedha za umma. Mwaka 1946 Dan Reeves aliihamisha timu yake ya Rams kutoka Cleveland kwenda Los Angeles, akitaka kuchezea uwanja mkubwa wa Coliseum. Uwanja huo ulijengwa kwa kodi, na kodi hiyo ililipwa na weusi pia. Waandishi wa magazeti ya weusi, Halley Harding akiwa mstari wa mbele, walisimama mbele ya kamati ya uwanja wakauliza kwa nini mali ya wote ipangishwe kwa timu inayobagua. Rams wakamsajili Kenny Washington mwezi Machi, kisha Woody Strode. Washington alikuwa amecheza chuo kikuu pamoja na Jackie Robinson na alikuwa na mkono wa kutupa mpira mbali mno, lakini alifika NFL akiwa na miaka 27 na magoti yaliyochoka. Miaka yake mizuri ilikuwa imeliwa na ukuta ule.

Kuingia uwanjani, hata hivyo, hakukuwa kuingia nafasi zote. Mweusi aliruhusiwa kukimbia na mpira, kuudaka, kuwafukuza wadakaji. Nafasi za katikati ya uwanja, zile ambazo makocha walisema zinataka akili na utulivu, zilibaki za weupe, na ya kwotabeki ilikuwa ya kwanza katika orodha hiyo. Vijana weusi waliokuwa makwotabeki tangu shule waliambiwa, siku ya kwanza ya mazoezi, wahamie pembeni.

Tarehe 18 Oktoba 1953 Willie Thrower aliingia. Alitoka chuo kikuu cha Michigan State kilichokuwa bingwa wa taifa mwaka uliotangulia, na sasa alikuwa wa akiba Chicago Bears. Halas, kocha na mmiliki kwa pamoja, alikasirishwa na mchezo wa George Blanda, akamtoa. Thrower akatupa mara nane, tatu zikafika, jumla yadi 27. Timu ikasogea mpaka karibu na mstari wa wapinzani wao, San Francisco. Hapo Halas akamrudisha Blanda. Msimu ulipokwisha Thrower akaachwa, na hakutupa tena pasi katika NFL. Mara nane: ndiyo nafasi yote aliyopewa kwotabeki mweusi wa kwanza wa zama hizo.

Washington, wakati huo, haikuwa na mchezaji mweusi wa nafasi yoyote. Marshall alikuwa amejenga mtandao wa redio na televisheni uliozifikia nyumba za majimbo ya kusini, na kusini nzima timu yake ndiyo iliyokuwa ya kwao. Alijigamba hadharani kwamba atasajili weusi siku ile timu ya maonyesho ya Harlem Globetrotters itakaposajili weupe. Shirley Povich wa gazeti la Washington Post alimshambulia kwa kalamu mwaka baada ya mwaka. Marshall hakujali. Timu zote nyingine zilikuwa na weusi ifikapo 1952. Yake ilikaa miaka kumi zaidi, na ilivuna ilichopanda: mwaka 1961 ilishinda mechi moja, ikatoka sare moja, ikapoteza 12.

Safari hii pia ni uwanja uliomnasa. Serikali ilikuwa imejenga uwanja mpya mjini humo juu ya ardhi ya taifa, na Marshall alikuwa ametia saini mkataba wa miaka 30. Machi 1961 Stewart Udall, waziri wa Rais Kennedy mwenye dhamana ya ardhi hiyo, alimwandikia kwamba anayebagua katika kuajiri hatauchezea uwanja wa serikali. Uwanja ulipofunguliwa Oktoba, wafuasi wa chama cha Kinazi cha Marekani walikuja na mabango ya kumuunga mkono Marshall. Hebu fikiria mwenye timu anayetetewa na watu wa namna hiyo, miaka 16 tu baada ya vita! Pete Rozelle, kamishna wa ligi, akaenda kumsihi. Mwishoni mwa mwaka Marshall akasalimu amri. Alikuwa na haki ya kuchagua wa kwanza kati ya wachezaji waliomaliza vyuo, akamchagua Ernie Davis, kisha akambadilisha na Cleveland kwa Bobby Mitchell na Leroy Jackson. Davis, masikini, aligundulika kuwa na saratani ya damu na akafariki mwaka 1963 bila kucheza hata mechi moja ya ligi.

Mitchell alianza kazi Washington Septemba 1962 kwa kuukimbiza mpira yadi 92 katika mechi yake ya kwanza, na alimaliza msimu akiwa ndiye aliyedaka pasi nyingi kuliko yeyote katika ligi: 72, kwa yadi 1,384. Timu iliyoshinda mara moja ikashinda mara tano. Hakuna aliyehitaji ushahidi zaidi wa gharama ya ubaguzi wa Marshall. Mwenyewe hakubadilika. Alipofariki mwaka 1969 aliacha mali kwa ajili ya mfuko wa kusaidia watoto, na katika wosia wake aliweka sharti kwamba fedha hiyo isitumike kwa jambo lolote linaloendeleza mchanganyiko wa rangi. Nimesoma habari ya wosia huo mara kadhaa na kila mara nimeshindwa kuipita haraka. Mtu anaandika maneno yake ya mwisho, anawakumbuka watoto, halafu anawabagua.

Mwaka mmoja kabla ya kifo hicho, Denver ilipata kwotabeki aliyeitwa Marlin Briscoe. Alitoka chuo kikuu cha Omaha, hakuwa mrefu, na katika drafti, yaani uchaguzi wa wachezaji waliomaliza vyuo, aliachwa mpaka raundi ya 14. Denver ilimtaka acheze ulinzi. Briscoe, aliyekuwa akijifanyia mazungumzo yake mwenyewe, akaomba kitu kimoja kiandikwe katika mkataba: apewe siku tatu za majaribio kama kwotabeki. Alijua mazoezi ya Denver yalikuwa wazi kwa mashabiki na waandishi, na alitaka watu waone kwa macho yao. Wakaona. Kwotabeki wa kwanza alipoumia na wa akiba aliposhindwa, kocha Lou Saban hakuwa na mwingine. Tarehe 6 Oktoba 1968 Briscoe alianza dhidi ya Cincinnati. Msimu ule alianza mechi tano tu, lakini alitupa pasi 14 za tachdauni, yaani za kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, na mashabiki wakamwita Mchawi kwa jinsi alivyokuwa akiponyoka mikononi mwa watu.

Akufukuzaye hakwambii toka. Mwaka uliofuata Briscoe alipata habari kwamba makwotabeki wenzake walikuwa wakikutana na makocha bila yeye kuitwa. Timu ilikuwa imeleta mwingine. Aliomba aachiliwe, akaachiliwa, na hakuna timu iliyomtaka kwa kazi aliyoifanya vizuri. Akaenda Buffalo, akajifunza upya kazi ya kudaka pasi ambayo hakuwahi kuifanya, na mwaka 1970 alidaka kwa zaidi ya yadi 1,000. Baadaye akiwa Miami alikuwemo katika kikosi cha 1972 kilichoshinda mechi zote na kuchukua Super Bowl, yaani fainali ya ligi, kisha nyingine mwaka uliofuata. Watu humsifu kwa kubadilika. Mimi sifa hiyo huniuma, kwa sababu mtu aliyeweza kudaka vile bila kufundishwa utotoni angetupa vipi kama angeachwa kwenye kazi yake kwa miaka kumi?

Katika drafti hiyohiyo ya 1968, Oakland ilimchagua Eldridge Dickey, kwotabeki mweusi, katika raundi ya kwanza kabisa. Ikamfanya mdakaji. Hakutupa pasi hata moja ya msimu.

Huko Louisiana, katika chuo cha weusi cha Grambling, kocha Eddie Robinson alikuwa ameazimia kumwandaa kijana ambaye NFL haitapata kisingizio cha kumbadilisha nafasi. James Harris alikuwa mrefu, mwenye mwili, mwenye mkono wa nguvu, naye Robinson alimfundisha mipango ileile iliyotumiwa na timu za kulipwa. Buffalo ikamchukua raundi ya nane mwaka 1969 na akaanza mechi ya kwanza ya msimu. Mwaka 1974, akiwa Rams, alikuwa mweusi wa kwanza kuanza na kushinda mechi ya mtoano kama kwotabeki, na waliofungwa siku hiyo walikuwa Washington, 19 kwa 10. Miaka miwili baadaye nafasi akapewa Pat Haden. Mwaka huohuo wa 1974 Joe Gilliam alianza msimu Pittsburgh mbele ya Terry Bradshaw, akashinda nne, sare moja, akapoteza moja, kisha akawekwa benchi. Barua za vitisho alizopokea zilikuwa nyingi. Sisemi Bradshaw hakustahili, maana alikuja kushinda Super Bowl nne. Nasema kwamba kwotabeki mweupe aliweza kukosea msimu mzima na kuitwa chipukizi, lakini mweusi akikosea wiki mbili aliitwa jaribio lililoshindwa.

Mwaka 1978 Warren Moon aliongoza chuo kikuu cha jimbo la Washington, si la jiji, kushinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, na akawa mchezaji bora wa mechi. Drafti ilikuwa na raundi 12 na hakuna aliyemtaja. Timu zilimtaka akubali kubadilisha nafasi, akakataa, akavuka mpaka kwenda Kanada, akachukua kombe la huko mara tano mfululizo na Edmonton. Alirudi mwaka 1984 wakati timu za NFL zilipokuwa zikimgombania kwa fedha. Alistaafu akiwa na yadi 49,325, na miaka sita aliyoitumia Kanada haimo katika hesabu hiyo.

Kwotabeki mweusi aliyechaguliwa mwaka ule wa 1978 alikuwa kijana mwingine wa Robinson, Doug Williams, wa 17 katika raundi ya kwanza. Tampa Bay ilikuwa timu changa iliyopoteza mechi zake 26 za mwanzo. Aliyetumwa Grambling kumwangalia alikuwa kocha msaidizi aitwaye Joe Gibbs, ambaye alirudi na taarifa nzuri. Katika msimu wake wa pili Williams aliwafikisha kwenye mechi moja kabla ya Super Bowl, na katika miaka minne waliingia mtoano mara tatu. Mshahara wake ulikuwa dola 120,000 kwa mwaka, chini kuliko wa kwotabeki yeyote aliyekuwa akianza, na wapo hata wa akiba katika timu nyingine waliomzidi. Mkataba ulipokwisha mwaka 1983 aliomba 600,000. Mmiliki, Hugh Culverhouse, wakili tajiri, alikwama kwenye 400,000.

Aprili ya mwaka huo mke wa Williams, Janice, alifariki kwa uvimbe kwenye ubongo, akaacha binti wa miezi mitatu. Williams akarudi Louisiana na mtoto mkononi. Hakuirudia Tampa. Culverhouse hakuongeza fedha. Bila yeye timu ilishinda mechi mbili, ikapoteza 14, na haikuingia tena mtoano mpaka mwaka 1997. Ni hesabu ya mmiliki aliyeona uchungu wa dola 200,000.

Williams alicheza katika ligi mpya ya USFL, nayo ikafa mwaka 1986. Gibbs, sasa kocha mkuu wa Washington, akampigia simu na kumuuliza kama atakubali kuwa wa akiba. Hakuwa na kazi, akakubali. Msimu mzima wa 1986 alitupa pasi moja. Katika mtoano wa Januari 1987 mwenye nafasi, Jay Schroeder, alitikiswa, na Gibbs akamwamuru Williams aingie. Williams akakimbia kuelekea uwanjani. Schroeder akampungia mkono arudi. Akarudi, mbele ya nchi nzima, akaketi.

Msimu uliofuata Schroeder alipwaya, na Gibbs, baada ya mechi ya mwisho ya kawaida, akatangaza kwamba mtoano ataucheza Williams. Mmiliki, Jack Kent Cooke, alimwachia kocha uamuzi, na kwa hilo anastahili shukrani. Wakaifunga Chicago 21 kwa 17, wakaifunga Minnesota 17 kwa 10, wakaenda San Diego kukutana na Denver, timu iliyomwacha Briscoe, ambayo sasa kwotabeki wake alikuwa John Elway.

Jumamosi, siku moja kabla ya mechi, Williams alikaa saa kadhaa kwenye kiti cha daktari wa meno akitibiwa mzizi wa jino. Jumapili ya tarehe 31 Januari 1988, Denver walikuwa mbele 10 kwa 0 katika robo ya kwanza. Kabla robo haijaisha mguu wa Williams uliteleza alipokuwa akirudi nyuma kutupa, goti likapinda vibaya, akaanguka na kubaki chini. Madaktari waliingia. Akakataa kubebwa, akatoka kwa miguu yake, Schroeder akaingia kwa majaribio mawili.

Robo ya pili ilipoanza Williams alirudi. Pasi ya kwanza ilimkuta Ricky Sanders, yadi 80, tachdauni. Ikafuata ya yadi 27 kwa Gary Clark. Timmy Smith akakimbia yadi 58. Sanders tena, yadi 50. Clint Didier, yadi nane. Tachdauni tano katika majaribio 18, pointi 35 katika robo moja ya dakika 15, na nne kati ya hizo tano zilitoka mkononi mwa Williams. Katika robo hiyo alitupa mara 11, zikafika tisa, yadi 228. Fikiria Thrower na mara nane zake. Mechi ikaisha 42 kwa 10, Williams akapewa tuzo ya mchezaji bora. Mweusi wa kwanza kuanza kama kwotabeki katika Super Bowl alikuwa ameishinda, akivaa jezi ya timu ya Marshall.

Isidhaniwe kwamba mlango ulifunguka wote siku hiyo. Baada ya msimu wa 1989 Washington ilimwacha Williams, na hakucheza tena. Ilipita miaka 12 kabla mwingine hajaanza Super Bowl, na kwotabeki mweusi wa kwanza kuingia katika jumba la heshima la mchezo huo, Moon, aliingia mwaka 2006. Lakini kisingizio kilikuwa kimekufa. Februari 2023, Patrick Mahomes wa Kansas City na Jalen Hurts wa Philadelphia walikutana katika Super Bowl, weusi wote wawili, na Kansas City ikashinda 38 kwa 35. Mwaka 2024 Washington yenyewe ilimchagua Jayden Daniels, wa pili katika drafti nzima, naye katika msimu wake wa kwanza akaifikisha kwenye mechi moja kabla ya Super Bowl, hatua ambayo ilikuwa haijaifikia kwa zaidi ya miaka 30.

Jiwe la kumbukumbu la Marshall lililokuwa nje ya uwanja wa zamani liling'olewa tarehe 19 Juni 2020. Siku hizohizo jina lake liliondolewa kwenye sehemu ya chini ya viti vya uwanja mpya, na sehemu hiyo ikapewa jina la Bobby Mitchell, aliyekuwa amefariki Aprili ya mwaka huo.

Limebaki daftari la umiliki. Mwaka 2022 Denver iliuzwa kwa dola bilioni 4.65, na kati ya wenye hisa ndogo wamo Mellody Hobson, Condoleezza Rice na dereva wa mbio za magari Lewis Hamilton. Mwaka 2023 Washington iliuzwa kwa dola bilioni 6.05, na Magic Johnson ana fungu lake humo. Mwenye neno la mwisho Denver anatoka familia ya Walton, na Washington ni Josh Harris. Timu za NFL ni 32, na zaidi ya nusu ya wachezaji wake ni weusi. Tangu kikao kile cha duka la magari mwaka 1920, hakuna hata moja iliyowahi kuwa na mmiliki mkuu mweusi.